"Sana" Imechoka: Historia Fupi ya Maneno ya Kukoleza

Nilipokuwa sekondari Mtwara niliandika katika insha kwamba mchanga wa Msimbati ni mweupe pe. Mwalimu akaikata "pe" kwa wino mwekundu, juu yake akaandika "sana". Eti "pe" ni neno la mitaani. Nyumbani Mtawanya bibi yangu alicheka: "Mjukuu wangu, shati ndilo jeupe sana. Mchanga ule ni mweupe pe!"

Leo, nikiwa chuoni, naona historia iko upande wa bibi. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki iliundwa mwaka 1930 ili kusanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 iliipokea "pe". Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya TUKI, 1981, ikaipokea pia. Basi nani aliyeifukuza darasani? Kwa maoni yangu, ni mazoea ya tafsiri. Tulikaririshwa kuwa "very" ni "sana", na mambo yakaishia hapo.

Lakini hiyo "very" nayo ina safari yake. Ilitoka katika Kifaransa cha kale, ikiwa na maana ya "-a kweli". Ilitumika hata ule ukweli ukafifia, na Waingereza wakatafuta makali mapya katika hofu: "terribly", "awfully". Leo mtu hushukuru kwa neno la kutisha, wala hatishiki. Vijana wetu wamepita njia hiyohiyo: "mzuri ile mbaya", "nimefurahi kinoma". Kwa hiyo tusiwacheke. Ni historia ya lugha inayotembea.

Hata hivyo, Kiswahili kina njia nyingine iliyo tajiri zaidi. Mtu hulala fofofo, hulewa chakari; ukumbi hujaa pomoni; giza huwa totoro. Jaribu kusema "amelewa pomoni" uone watu watakavyokushangaa! Kila neno lina mwenzi wake. Kiingereza nacho kina machache ya namna hii, kama "fast asleep", lakini kwetu ni ghala zima. "Sana" humfuata kila mtu, ndiyo maana imechakaa kama noti ya sokoni. "Pe" imebaki na weupe wake, na makali yake hayajapungua.

Sasa tujitazame sisi wahakiki. "Mwandishi amefaulu sana." "Lugha yake inavutia sana." Amefaulu kiasi gani, jamani? Sisemi "sana" ifutwe. Ina kazi yake. Nasema kwamba tunapoisoma kazi ya fasihi tuulize mwandishi amekoleza wapi, kwa neno gani, na kwa nini hakuchagua jingine. Huko ndiko hisia zilikojificha.

Alama za insha ile sizidai tena. Ninachodai ni kwamba sisi tutakaokuwa walimu kesho tusimkatie mtoto mwingine neno la bibi yake kabla ya kufungua kamusi.