Jivu, Mawese na Tabaka za Rangi: Samani za Zamani za Rumonge kama Ushahidi wa Historia

Wanafunzi wa historia tumezoea kutafuta ushahidi katika nyaraka, magofu na simulizi za wazee. Ni mara chache tunainama kutazama nyuma ya kabati. Katika insha hii ninajadili kazi inayoonekana ndogo: kubandua rangi na vanishi ya zamani kwenye samani za mbao kwa gharama nafuu, kama nilivyoiona kwa maseremala wa Rumonge. Hoja yangu ni kwamba njia anayoichagua seremala huamua ushahidi upi utabaki na upi utafagiliwa pamoja na vumbi.

Kwanza, tuutazame mwambao wenyewe. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka Bagamoyo ilifika Ujiji, na kutoka huko biashara, Kiswahili na Uislamu vilisambaa kandokando ya Ziwa Tanganyika. Wamisionari wa Kikatoliki, Mapadre Weupe, walifika Rumonge mwaka 1879. Watatu wao waliuawa huko tarehe 4 Mei 1881. Baadaye ukaja utawala wa Wajerumani, kisha wa Wabelgiji kuanzia 1916, hadi uhuru wa tarehe 1 Julai 1962. Samani zilizobaki nyumbani zilipita katika mikono mingi, na kila mwenye nazo mpya alipaka rangi juu ya ile aliyoikuta.

Pili, Rumonge ni mji wa michikichi, na jambo hili lina uhusiano wa karibu na mada yetu. Mafuta ya mawese hayakauki hewani kama yanavyokauka mafuta ya kitani yaliyotumiwa katika rangi za zamani za Ulaya. Ukipaka mawese juu ya meza, yatabaki yakinata na kukusanya vumbi. Kwa hiyo mji wenye mafuta tele ulilazimika kununua vanishi kutoka nje. Lakini mawese yakichanganywa na maji makali ya jivu au soda kali, hugeuka sabuni. Maji hayohayo yakipakwa juu ya rangi ya mafuta ya zamani, huyageuza mafuta yaliyomo ndani ya rangi kuwa sabuni vilevile, na rangi huachia ubao. Mtengeneza sabuni na mbandua rangi wanatumia elimu moja.

Mzee mmoja seremala alinieleza utaratibu wake. Huchukua jivu la mashada ya michikichi yaliyokwisha kutolewa chikichi, kwa kuwa jivu hilo ni kali kuliko la kuni nyingi. Hulichekecha, hulitia katika ndoo iliyotobolewa chini na kutandikwa majani makavu, kisha humimina maji ya mvua taratibu. Maji yanayodondoka huongezewa chokaa ili yawe makali zaidi, huachwa yatulie, halafu huchanganywa na uji mzito wa unga wa muhogo ili yashike kwenye miguu ya meza bila kutiririka. Hutumia brashi ya nyuzi za mimea, kwa sababu nywele za mnyama huyeyuka, na hatumii sufuria ya alumini kwa sababu italika. Baada ya muda hukwangua kwa kipande cha ubao au panga butu, huosha, hupaka maji ya limau kuua ukali, na huanika kivulini kwa siku kadhaa. Mikono huvikwa mifuko ya plastiki, na macho hulindwa.

Njia hii ina mipaka. Rangi nyingi za kisasa za plastiki haziitii vizuri. Mbao zenye asili nyingi ya kugeuka rangi huwa nyeusi, na gundi ya zamani hulegea. Ndiyo maana mzee huyo hujaribu kwanza sehemu ya nyuma. Vijana wengi hupendelea msasa mkavu kwa kuwa ni wa haraka. Hapa kuna hatari isiyoonekana: rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba wa kuzuia risasi nyeupe katika upakaji wa ndani ya majengo, lakini rangi zenye risasi ziliendelea kuuzwa miongo mingi baadaye. Vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Kubandua kwa maji, mbali na watoto, na kuzika makapi mbali na kisima ni kinga isiyohitaji fedha nyingi.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi, kuna mwaka 1972. Maasi yalianza tarehe 29 Aprili huku kusini, Rumonge na Nyanza-Lac, na ukandamizaji uliofuata uliwaua watu wengi sana nchini. Wengine wengi walikimbilia Tanzania wakiacha nyumba, mashamba ya michikichi na vyombo. Mashamba yalipata wenyewe wapya. Vyombo navyo vilitumiwa, vikauzwa, vikapakwa upya. Baada ya Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000, wakimbizi walipoanza kurejea kwa wingi, mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine. Maneno "mali nyingine" yananifikirisha. Shamba lina mipaka na mashahidi. Je, kitanda cha mama kina nini?

Mara nyingine kina alama. Mzee yule alinionyesha mtoto wa meza ambao chini yake, mahali pasipopakwa rangi, palikuwa na herufi mbili zilizochomwa kwa chuma cha moto. Hajui za nani. Mteja alitaka meza nzima ipigwe msasa; mzee alibandua juu na miguu, akaziacha herufi.

Mtu anaweza kupinga kwamba maskini anahitaji meza ya kuuza, si makumbusho. Hoja hiyo ni ya haki. Tena lazima tujihadhari: rangi ya buluu chini ya ile ya kijani haitupi mwaka wala jina, kwani wengine hupaka samani masalio ya rangi ya mitumbwi. Alama peke yake haithibitishi umiliki. Lakini kuikagua sehemu ya nyuma, kuipiga picha kwa simu na kumwuliza mteja alikoipata meza hakuongezi gharama wala hakupunguzi bei.

Kwa kuhitimisha, ninapendekeza kwamba sisi wanafunzi tuanze kuandika kumbukumbu za karakana kama tunavyoandika simulizi za wazee, kabla msasa haujatutangulia. Waliorejea wanaulizwa ushahidi kila siku, na sehemu ndogo ya ushahidi huo bado iko chini ya meza ambazo watu wanalia chakula.