Ruhusa ya Nani? Historia Fupi ya Faili Linalokataa Kuhifadhiwa

Kama umewahi kufanya kazi ya uwandani, unaujua ujumbe huu: huna ruhusa ya kuhifadhi hapa, wasiliana na msimamizi wa kompyuta. Ukiwa Dar, unampigia simu kijana wa TEHAMA, anakuja, dakika 5 mambo yamekwisha. Ukiwa Bweni, ncha ya kaskazini ya kisiwa cha Mafia, hiyo ni habari nyingine. Msimamizi yuko ng'ambo. Kumpelekea mashine maana yake ni kushuka kwanza mpaka Kilindoni, kupanda boti hadi Nyamisati, halafu barabara tena. Na mahojiano ya siku nzima yako kwenye kioo tu, hayajahifadhiwa popote.

Wengi hapo tunasema mashine imeharibika. Haijaharibika. Inafuata agizo, na agizo lenyewe lina umri wa miaka zaidi ya 60. Tukijua lilitoka wapi, tunajua pia pa kuanzia kutafuta.

Mashine moja, watu wengi

Kompyuta za mwanzo hazikuuliza ruhusa. Mtu alileta kadi zake, mashine ikafanya kazi yake, akaondoka, akaja mwingine. Mambo yalibadilika Novemba 1961, pale Fernando Corbató na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walipoonyesha mfumo uitwao CTSS. Sasa watu kadhaa waliweza kutumia mashine moja kwa wakati mmoja, na mafaili yao yakakaa pamoja. Ikabidi kila mmoja awe na neno la siri, asiguse cha mwenzake.

Mtu wa kwanza kujulikana kwa kuuzunguka ulinzi huo alikuwa mwenzetu, mwanafunzi wa uzamivu. Mwaka 1962 Allan Scherr alikuwa amepangiwa saa 4 za kompyuta kwa wiki, na utafiti wake ulihitaji zaidi. Aligundua kwamba ukipeleka kadi yenye namba ya akaunti na jina la faili, linachapishwa bila maswali. Akaomba faili la maneno ya siri. Akapewa.

Miaka michache baadaye likatokea kubwa zaidi, na hili lilihusu kuhifadhi hasa. Wasimamizi wawili walikuwa wakihariri kwa wakati mmoja: mmoja tangazo la siku, mwingine faili la maneno ya siri. Programu ya kuhariri ilitumia jina lile lile kwa faili la muda la kila mmoja. Yakabadilishana. Kila aliyeingia kwenye mfumo akaletewa, badala ya tangazo, orodha nzima ya maneno ya siri ya watu wote. Corbató mwenyewe alikuja kukisimulia kisa hiki hadharani. Fundisho lilikuwa wazi: haitoshi kuuliza wewe ni nani mlangoni, lazima kila faili lijue mwenyewe ni nani.

Mwenye, kundi, wengine

Mfumo wa Multics, ulioanza kutengenezwa mwaka 1965, ulilipa kila faili orodha ya watu na kile ambacho kila mmoja anaruhusiwa kufanya. Ilikuwa kazi nzito kwa mashine za wakati ule. Mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs wakaanza Unix, mfumo mwepesi zaidi. Huko ruhusa zikaja kupangwa kwa namna ambayo bado ipo leo: kuna mwenye faili, kuna kundi lake, kuna wengine wote. Na kwa kila mmoja kuna maswali matatu: anaweza kusoma? kuandika? kuendesha?

Mtu wa kaskazini mwa Mafia hapaswi kuona jambo hili ni geni. Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti wake huko katikati ya miaka ya 1960, alieleza mpangilio unaofanana nao sana. Minazi ni ya mtu binafsi. Ardhi ya kulima porini iko chini ya ukoo. Asiye wa ukoo anaomba kwa wazee. Tena mtu anaweza kuwa wa koo kadhaa, kwa upande wa baba na kwa upande wa mama. Unix ya mwanzo haikuwa na hilo la mwisho: ulihesabiwa ndani ya kundi moja kwa wakati. Ni toleo la Berkeley la mwaka 1983 lililomruhusu mtu kuwa ndani ya makundi mengi kwa pamoja.

Tofauti ni hii: Mafia, wazee wanaotoa ruhusa wapo kijijini, unaenda unawaona. Kwenye kompyuta, mtoa ruhusa anaweza kuwa mtu aliyepanga mashine miaka mitatu iliyopita, akaacha kazi.

Miaka ya kutokuuliza

Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, ICT 1500 ya Wizara ya Fedha. Baada ya matatizo na hasara, mwaka 1974 serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Hapo aliyehitaji ruhusa hakuwa mwenye faili, alikuwa mwenye kutaka mashine yenyewe.

Marufuku ilipokuja kulegea, kompyuta ya mezani ilikuwa imeshashika dunia. MS-DOS ya mwaka 1981 ilichukulia kwamba mashine ni ya mtu mmoja, kwa hiyo haikumuuliza mtu kitu. Unasevu popote, unafuta chochote. Virusi navyo vikafanya hivyo hivyo. Microsoft ilirudisha mwenye na orodha ya ruhusa kwenye Windows NT mwaka 1993, na mfumo huo ukafika majumbani kupitia XP mwaka 2001. Lakini wengi tuliendelea kutumia akaunti ya msimamizi kwa kila kitu, mpaka Vista ilipoanza kuuliza "una uhakika?" mwaka 2007, na watu wakachukia.

Katika miaka ya hivi karibuni swali lenyewe limegeuka. Baada ya virusi vinavyofunga mafaili na kudai fedha, kama WannaCry ya Mei 2017, kujua mtu ni nani hakukutosha, maana kirusi hujificha nyuma ya jina lako. Mwaka huo huo Windows 10 ikapewa ulinzi wa folda, unaozuia programu isiyoaminika kuandika kwenye Nyaraka. Mwaka 2019 macOS Catalina nayo ikaanza kuuliza kabla programu haijagusa folda hiyo. Kwa hiyo siku hizi wewe unaweza kuwa na ruhusa, na programu yako isiwe nayo.

Ukikwama

Kwanza, usifunge programu. Chagua kuhifadhi kwa jina jingine mahali pengine: folda ya Nyaraka ya akaunti yako, au flashi. Flashi nyingi bado zinatumia FAT32, mpangilio wa ukoo wa DOS, usiojua mwenye faili. Udhaifu huo ndio unaokuokoa hapa. Ikishindikana kabisa, nakili maandishi yote uyabandike kwenye programu nyingine.

Kazi ikishakuwa salama, uliza maswali kwa mpangilio wa historia. Mimi ni nani kwenye mashine hii, msimamizi au mtumiaji wa kawaida? Faili ni la nani? Kama limetoka kwenye diski ya nje iliyotumika ofisini, kumbuka Windows humtambua mwenye kwa namba ndefu, siyo kwa jina. Asha wa kompyuta ile siyo Asha wa hii. Programu gani inakataliwa? Jaribu kuhifadhi kwenye folda hiyo hiyo kwa programu nyingine. Ikikubali, tatizo ni ruhusa ya programu, na utalikuta kwenye mipangilio ya usalama au faragha. Na hakikisha diski haijajaa, maana hilo nalo huzuia kuhifadhi.

Mengi ya haya yanahitaji neno la siri la msimamizi. Ndiyo maana swali muhimu linaulizwa kabla ya safari, wakati wa kusaini kuchukua laptopu ya ofisi: nani msimamizi wa mashine hii, na nikiwa Bweni usiku ikakataa, nani atanipa ruhusa? Kama jibu halipo, omba akaunti yenye uwezo huo kabla hujapanda boti.