Rafia, pamba, na ile raporo yangu



Wengi hapa mnanijua kama mtu wa mihogo na mpunga. Lakini tangu mwaka jana, Jumamosi mbili kila mwezi, mimi navuka Lualaba asubuhi mapema na mtumbwi, kutoka Kasuku kwenda Alunguli, nikiwa na mabuti na kisu kidogo mfukoni. Ng'ambo ile kuko kikundi cha bamama 11 na papa mmoja mzee. Wanasuka mikeka, vitunga na kofia. Tunaingia porini kutafuta nyuzi, tunarudi, tunakaa chini ya mwembe, tunasuka mpaka jua linainama.

Mwenzetu mmoja aliniuliza mbele ya watu: enjenia mzima, unakaa chini na bamama kusuka kitunga, kazi imekosekana? Jibu la kwanza ni ndiyo, imekosekana, kontra yangu iliisha. Jibu la pili ni refu, na linatuhusu sisi watu wa agronomia kuliko linavyohusu vitunga. Ndilo ninaandika leo.

Mwaka juzi nilipata kontra ya miezi 3 katika mradi mmoja wa mpunga. Kazi yangu ilikuwa kuzunguka mabonde ya maji kandokando ya Kindu, kupima, na kuandika lipi linafaa kulimwa. Nikafika bonde moja lililojaa rafia, majani marefu yamefunga juu kama nyumba, chini potopoto mpaka magoti. Katika raporo niliandika mistari miwili tu, hata leo naijua kwa kichwa: mimea iliyopo, rafia za porini bila faida ya uchumi, pendekezo, kusafisha na kuchimba mifereji. Sikuuliza mtu yeyote.

Siku ile ya kupima, mama mmoja alipita na mzigo wa majani kichwani. Akasimama kuniangalia na GPS yangu.

"Enjenia, unapima shamba yetu?"

"Mama, hapa hakuna shamba. Ni pori."

Akacheka. "Ni pori kwako weye. Vuka mto Jumamosi, utaona."

Sikuvuka Jumamosi ile. Nilivuka mwezi mmoja baadaye, raporo ikiwa imekwisha kwenda.

Matembezi ya kwanza yalinitoa jasho. Saa moja na nusu kwa miguu, na bamama wale wanatembea wakiimba wakati mimi natafuta pumzi. Kufika bondeni, kumbe ni bonde langu lile lile. Wakaanza kunifundisha kitu ambacho katika miaka yote ya chuo sikuwahi kukigusa kwa mkono. Hawakati jani lililofunguka. Wanatafuta lile changa la katikati, ambalo bado limejifunga kama mkuki, na kwenye kila mti wanachukua moja, wanaacha mengine. Ukikata yote mti unadhoofika. Tena rafia huchanua mara moja tu katika maisha yake, inazaa, halafu inakufa. Kwa hiyo mti unaokaribia kuchanua hauguswi, ndio wa mbegu. (Wagema pombe wanaugusa, na huo ni ugomvi mwingine kati yao na bamama. Sitauingia.)

Halafu kila kijani kinachanwa kwa ncha ya kisu upande wa chini, na ngozi nyembamba ya juu inavutwa mpaka inatoka nzima, nyeupe, laini kama karatasi ya sigara. Mimi nilikata 9 za kwanza vipande vipande. Mama mkubwa wa kikundi akaniambia, "Pole pole, mwanangu, haiko muhogo."

Zikikauka juani zinapasuliwa kwa kucha kuwa nyuzi. Hakuna kusokota kama pamba. Urefu wa uzi ni urefu wa kijani, basi. Ndiyo maana nguo ya rafia ya zamani siku zote ilikuwa kipande kifupi, na mtu akitaka nguo ndefu anashona vipande pamoja.

Nguo, ndiyo. Hapo ndipo papa mzee anaingia. Bamama wanasuka kwa mkono, lakini yeye tu, katika kikundi kizima, ndiye anajua kitanda cha kufumia: fremu ya miti imesimama kwa kuinama kidogo, nyuzi zimevutwa kutoka juu hadi chini, kijiti kimoja cha kuzipandisha na ubao mwembamba wa kupigia. Alijifunza kwa babu yake. Zamani, anasema, kufuma ilikuwa kazi ya wanaume. Nikamwuliza vijana wake wangapi wanajua. Akaonyesha mkono mtupu.

Swali hilo likanifuata mpaka nyumbani: kwa nini kusuka kulibaki, na kufuma kukafa?

Tukisikia nguo ya rafia sisi wote tunawaza Wakuba wa Kasai. Ni haki yao. William Sheppard, mmisionari Mweusi wa Marekani, alifika kwa mfalme wao mwaka 1892 na akarudi na vitu vingi vya mikono yao. Emil Torday naye akakusanya kwa ajili ya British Museum mnamo 1908. Ile velu yao, wanaume wakifuma na wanawake wakitarizi, leo iko katika majumba ya makumbusho ya dunia. Lakini sifa hiyo imetufanya tufikiri kwamba sehemu nyingine watu walikuwa uchi wakingoja kaniki. Si kweli. Wasongye walifuma vitambaa vya madiba, na vilifika mpaka kwa Waluba kama kodi na kama mali. Kwa Walega, kofia za Bwami ni nyuzi zilizosukwa, kila daraja na kofia yake. Na hapa kwetu Maniema, Livingstone alikaa Nyangwe mwaka 1871, akaandika juu ya soko ambamo bamama walileta samaki, chumvi, muhogo, kuku, na vitambaa vya nyuzi. Yeye aliviita nguo za majani. Ni soko lile lile ambalo tarehe 15 Julai 1871 watu wa wafanyabiashara wa watumwa walilipiga risasi, na mamia ya watu wakafa, wengi katika maji ya Lualaba. Tarehe hiyo tunaifundishwa. Kilichokuwa ndani ya vitunga siku hiyo hatufundishwi.

Kitambaa kile hakikuwa cha kuvaa tu. Kililipa mahari, kilimaliza kesi, kilizika mtu. Ukitaka ushahidi, sikiliza Kilingala: mbongo, neno la pesa tunalolitamka kila siku, linatoka kwa kitambaa cha rafia cha Wakongo kule magharibi, ambacho kilikuwa pesa yao kabla ya faranga na kabla ya Mreno kupiga hesabu zake. Sisi tunaomba mbongo, kumbe tunaomba kipande cha rafia!

Sasa, nani aliua kitanda cha papa? Wa kwanza kukisukuma alikuwa amerikani, ile nguo nyeupe iliyofumwa Marekani, ikapita Unguja, ikaletwa na misafara mpaka Maniema. Nguo pana, haina kushona vipande. Halafu vita, utumwa, na miaka ya Leopold ambapo watu walitakiwa porini kwa mpira. Halafu tangu 1910 Wabelgiji wakaleta kodi ya kichwa ya kulipwa kwa faranga. Hapo kitambaa kiliacha kuwa pesa: kapita hapokei rafia.

Lakini pigo lililomaliza, mimi naona, lilikuwa la watu wa kazi yetu. Edmond Leplae alikuwa profesa wa Louvain na mkuu wa kilimo katika wizara ya makoloni tangu 1910 mpaka 1933. Alipenda sana mfano wa Waholanzi kule Java: mwananchi alimwe kwa lazima zao ambalo serikali inalitaka. Katika miaka ile ya 1910 majaribio ya pamba yalifanywa huku kwetu Maniema, Nyangwe hiyo hiyo. Februari 1917 amri ikatoka, na pamba ikawa lazima. Mwaka 1920 Cotonco ikaanzishwa. Toka 1921 nchi ikakatwa kanda kanda, kila kampuni na kanda yake, na mkulima wa kanda hana mnunuzi mwingine. Amri ya 1933 ilihesabu siku 60 kwa mwaka za kazi ya lazima. Wakati wa vita, 1942, zikawa 120. Wakulima wa pamba walikuwa mamia ya maelfu.

Fikirini mfumaji katika hesabu hiyo. Kitanda kinataka mtu akae, siku baada ya siku, akili moja. Mtu wa kufuma ni mwanamume, na mwanamume ndiye jina lake liko katika kitabu cha kapita. Bamama nao walipalilia na kuchuma pamba ile ile, msinielewe vibaya, walichoka hata zaidi. Lakini mkeka unaweza kuuweka chini mtoto akilia, ukaushika tena usiku. Sanaa iliyoweza kukatwa vipande vipande ikapona. Ile iliyotaka siku nzima ikafa. Hayo ni mawazo yangu, nimeyapata kwa kumsikiliza papa. Mwenye mengine ayalete.

Na pamba yenyewe haikubaki kijijini hata uzi mmoja. Ilipimwa, ikatolewa mbegu, nyingi ikavuka bahari kwenda Ubelgiji. Mtu aliyeacha kufuma ili alime pamba, alirudi kununua nguo ya pamba dukani.

Koko yangu alizaliwa katika dunia hiyo. Siku nilipopata lisansi, familia ilifanya karamu, kuku, mawese, kila kitu. Nikaenda kumwonyesha koko karatasi. Akaniuliza nimesomea nini, nikamwelezea: kwenda kwa wakulima, kupima mashamba, kuwaambia wapande nini. Akaniangalia mingi, kisha akasema:

"Basi wewe ni monitere."

Nilicheka. Nilifikiri ananisifu, kwa kuwa ni mzee na hana neno jipya. Mwaka jana tu, baada ya Jumamosi tatu au nne na kikundi, nilirudi kwake kumwuliza monitere alikuwa nani. Akaniambia. Monitere alikuja na kamba. Alipima shamba la baba yake, akaonyesha mistari ya pamba, akarudi kuhesabu. Shamba likiwa na majani, baba alilala gerezani, na mara mbili alichapwa mbele ya watoto wake. "Hakuwa mubaya yule monitere," koko akasema. "Alikuwa anaandika tu."

Nililala vibaya usiku ule, maana mimi pia nilikuwa nimeandika tu.

Nikaenda kwa ofisi ya mradi na barua ya kurasa 2, kueleza kwamba bonde lile lina watu na lina kazi. Walinipokea vizuri, wakanipa chai. Raporo imekwisha kwenda juu, wakasema, na bajeti imefuata raporo. Wakati wa kiangazi sehemu iliyo karibu na barabara ilikatwa. Bamama walienda siku ile kuokota majani machanga ya miti iliyolala chini, mizigo na mizigo. Ilikuwa mavuno makubwa kuliko yote waliyowahi kupata, na hakuna aliyeimba.

Mpunga wa kwanza ulitoka vibaya upande wa mfereji. Majani yaligeuka rangi ya kutu kuanzia ncha. Wenzangu wa fakilte mmeshajua: chuma. Udongo wa bonde vile una chuma mingi, na maji yanayonyonyoka kutoka kilimani yanakileta kwenye mizizi. Mimi nilisoma hiyo, nilifaulu mtihani wake, na katika ile mistari miwili sikuiandika. Upande wa juu mpunga ulikubali, lazima niseme ukweli, na familia zilizoulima zilikula. Kati yao iko binti wa mama mmoja wa kikundi chetu. Kwa hiyo chini ya mwembe mazungumzo hayako mepesi jinsi mnavyofikiri, na mimi nakaa katikati nikiangalia vidole vyangu.

Kuhusu vidole: mkeka wangu wa kwanza ulipinda kama njia ya nyoka. Wa pili ulinunuliwa, na mimi mwenyewe sikuamini, mpaka nikagundua mnunuzi ni shangazi yangu. Papa ameanza kunifundisha kitanda. Nimefuma upana wa mkono mmoja kwa wiki 3, na amefumua nusu yake.

Sehemu ya bonde iliyobaki haijaguswa. Chefu wa kijiji na familia yenye ardhi wamekubali kwa mdomo kwamba iwe ya rafia, kikundi kiichunge, na wagema wapewe upande wao. Karatasi bado. Nimechora plani na GPS ile ile, safari hii bamama ndio waliotembea mbele kunionyesha mipaka, na pahali ramani yangu ilikuwa na mstari mmoja wao waliweka majina saba. Chefu anakuja kuangalia Jumamosi hii.

Nyuma ya nyumba yetu Kasuku nimeweka mbegu 30 za rafia katika mifuko ya udongo. Zinachelewa sana kuota. Huu ni mwezi wa saba, na zimetoka 4. Koko anazimwagia maji nikiwa ng'ambo, na bado ananiita monitere.