Kutoka Faili Moja Hadi Jingine: Historia ya Makro na Kosa la Anwani

Mwisho wa mwezi ukifika, kazi ya ofisi nyingi ni ileile. Tawi limeleta faili lake la lahajedwali, makao makuu yana faili kuu, na takwimu za lile la kwanza lazima ziingie katika la pili bila kupungua wala kuhama mahali. Kazi hii imefanywa kwa kompyuta kwa zaidi ya miaka 40, ama kwa kunakili na kubandika kwa mkono, ama kwa makro, yaani mfuatano wa amri ambao programu huutekeleza yenyewe. Kila inapotokea hasara kubwa, lawama huangukia makro, au lahajedwali lenyewe, na wataalamu huagiza watu wahamie kwenye hifadhidata. Kwa maoni yangu lawama hiyo haijamfikia mwenye kosa. Ukiifuatilia historia yenyewe unakuta kosa moja lililojirudia tangu mwanzo: data ilitambuliwa kwa mahali ilipokaa, si kwa kitu inachokieleza.

Dawa ya kosa hilo ilikuwa imekwisha kuandikwa kabla lahajedwali la kompyuta binafsi halijazaliwa. Mwaka 1970 Edgar Codd, mtafiti wa IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza muundo mpya wa hifadhidata. Alishikilia kwamba anayetafuta taarifa hapaswi kulazimika kujua imehifadhiwa wapi ndani ya mashine wala imepangwa kwa mfuatano gani. Akiwa na ufunguo wake, mathalani nambari ya mfanyakazi au ya bidhaa, mashine itamletea. Miaka tisa baadaye, 1979, ikaja VisiCalc ya Dan Bricklin, aliyelipata wazo lake akiwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwenzake Bob Frankston. Iliandikwa kwa ajili ya kompyuta ya Apple II, na ilishika njia nyingine kabisa. Ilikuwa na safu 63 na mistari 254, na kila seli ilijulikana kwa anwani: herufi ya safu na nambari ya mstari. Uamuzi huo ndio uliowavuta wahasibu, kwa sababu karatasi ya hesabu walikuwa wakiisoma hivyo siku zote: hapa mauzo, pale gharama, chini jumla. Ndani ya faili moja anwani haina hatari kubwa, maana ukiingiza mstari mpya programu huzirekebisha fomula zake. Hatari huanza data inapovuka mpaka wa faili. Faili la pili halina habari kwamba la kwanza limebadilishwa.

Haja ya kuvuka mpaka huo ilionekana mapema. Waundaji wa VisiCalc walibuni muundo wa faili ulioitwa DIF ili takwimu ziweze kuhamishwa, na Multiplan ya Microsoft, iliyotoka 1982, iliruhusu lahajedwali moja kuchota thamani kutoka jingine lililohifadhiwa kwenye diski. Lakini iliyoifanya kazi hii kuwa ya kila siku ni Lotus 1-2-3, ya Mitch Kapor na Jonathan Sachs, iliyoanza kuuzwa Januari 1983. Ndani yake mlikuwa na amri ya kuunganisha mafaili. Uliweka kielekezi kwenye seli uliyotaka, ukalitaja faili la tawi, na programu ikainakili data yake kuanzia hapo, au ikaijumlisha juu ya takwimu zilizokuwapo, au ikaitoa. Kampuni yenye matawi kumi iliweza kupata hesabu ya kampuni nzima kwa kuirudia amri hiyo mara kumi, na aliyechoka kurudia alikuwa na makro. Makro ya Lotus ilikuwa maandishi ndani ya seli: vitufe vilevile ambavyo mtu angebonyeza, vimepangwa kwa mfuatano na kupewa jina la herufi moja, vikaamshwa kwa kushika Alt pamoja na herufi hiyo. Makro hiyo haikujua mauzo ni nini wala mshahara ni nini. Ilijua kubonyeza.

Sasa chukua karani wa tawi aliyeongeza mstari wa bidhaa mpya katikati ya orodha yake. Amri ya kujumlisha ingeendelea kama kawaida: sukari ya tawi ingeongezwa kwenye unga wa makao makuu, na jumla kuu ya chini ingetoka bila onyo lolote, tena ingeweza kulingana na jumla ya matawi. Hilo la kulingana ndilo linalotisha, kwani mkaguzi anayepitia jumla peke yake angetia saini. Na kama aliyebadilisha ni mtu wa makao makuu, fomula zake zingejirekebisha lakini anwani zilizoandikwa kama maandishi ndani ya makro zingebaki palepale. Lotus iliweka njia ya kulipa eneo la seli jina na kulitumia jina hilo badala ya anwani. Njia hiyo ilikuwa nzuri. Ila hakuna aliyelazimishwa kuitumia.

Excel ilitoka 1985 kwa kompyuta za Macintosh na 1987 kwa Windows, lakini hatua kubwa ilikuja 1993, toleo la tano lilipoletwa pamoja na lugha ya VBA. Hii ilikuwa lugha kamili ya programu. Makro sasa iliweza kufungua faili la pili, kusoma vichwa vya safu, kupita mstari kwa mstari ikiuliza kama nambari hii imo kule, kuisasisha ikiwa imo, na kuiandika pembeni ikiwa haimo. Mtu wa kawaida wa ofisini akawa na uwezo wa kufuata ushauri wa Codd bila kununua hifadhidata. Lakini Excel ilikuwa pia na kirekodi: unabonyeza kitufe, unafanya kazi yako kwa mkono, na programu inaandika makro kutokana na ulichofanya. Kirekodi ndicho mlango ambao wengi waliingilia, nacho huandika kile kilichoonekana tu: chagua B2 hadi F40, nakili, nenda faili la pili, bandika kuanzia B2. Mwezi ujao orodha ya tawi ikifika mstari wa 43, mitatu ya mwisho inabaki nje. Lugha ilikuwa ya 1993, tabia ilikuwa ya 1983.

Hata zana iliyokusudiwa kutafuta kwa ufunguo ilifika nusu ya njia. VLOOKUP, fomula ya Excel, hutafuta nambari ya mfanyakazi katika safu ya kwanza ya jedwali, na hilo ni sawa kabisa. Kisha humtaka mwandishi aseme jibu liko safu ya ngapi kwa kuhesabu. Mtu akiingiza safu mpya katikati, hesabu hiyo haibadiliki, na mahali pa mshahara panajazwa tarehe ya kuajiriwa. Vilevile, usipoiambia itafute nambari iliyo sawasawa, huridhika na inayokaribia. Microsoft ilitangaza XLOOKUP, inayoyaondoa matatizo hayo mawili, Agosti 2019 tu.

Wapo watakaosema basi mkono wa binadamu ni salama zaidi, maana mtu ana macho. Kumbukumbu hazikubaliani nao. Mwaka 2003 kampuni ya umeme ya TransAlta ya Kanada ilipoteza dola milioni 24 za Marekani katika zabuni za haki za kusafirisha umeme huko New York, kwa sababu ya kosa la kukata na kubandika ndani ya lahajedwali. Zabuni zilipopangwa vibaya, kampuni ikajikuta imenunua mikataba mingi kuliko ilivyokusudia, tena kwa bei ya juu kuliko ilivyokusudia. Mwaka 2012 tawi la London la benki ya JPMorgan lilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 6, na ripoti ya uchunguzi ya benki hiyo, iliyotolewa Januari 2013, ilieleza kwamba modeli mpya ya kupima hatari iliendeshwa kwa mfululizo wa malahajedwali, data ikinakiliwa na kubandikwa kwa mkono kutoka moja hadi jingine. Kulikuwa pia na kosa la fomula, iliyogawanya kwa jumla ya viwango viwili badala ya wastani wake, na hatari ikaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Sisemi kunakili peke yake kulileta hasara ile. Iliyoileta ni biashara yenyewe. Lakini mkono haukuona chochote. Macho ya binadamu huchoka kabla ya mstari wa mia, na mkono hauachi nyuma kumbukumbu ya ulichofanya. Makro angalau inaweza kusomwa na mtu wa pili.

Pingamizi lenye uzito zaidi linatoka Uingereza. Katika janga la korona, taasisi ya afya ya umma ya England ilipokea matokeo ya vipimo kutoka maabara katika mafaili ya maandishi matupu, na utaratibu wa kujiendesha ukayapakia katika violezo vya Excel vya muundo wa zamani wa XLS. Muundo huo hauwezi kubeba zaidi ya mistari 65,536, ingawa muundo mpya, ulioanza 2007, hubeba 1,048,576. Kila mgonjwa alichukua mistari kadhaa, kiolezo kikajaa, na ziada ikatupwa kimyakimya. Wagonjwa 15,841 hawakuingia katika hesabu za kila siku kati ya Septemba 25 na Oktoba 2, 2020, na watu waliokutana nao wakachelewa kufuatiliwa wakati ambapo kila siku ilikuwa na thamani. Hapa hakuna mkono wa kulaumiwa. Ni mashine tupu. Nakubali. Lakini tazama kilichokosekana. Hakuna hatua iliyolinganisha idadi ya wagonjwa waliokuwamo katika faili la maabara na idadi ya waliofika katika kiolezo, na kukataa kuendelea tarakimu hizo mbili zilipotofautiana. Ulinganisho huo ni mistari michache ya VBA. Mhasibu wa daftari la karatasi aliufanya kila jioni kabla ya kufunga kitabu, na kuuacha kwa kuwa sasa kuna mashine ni kuitupa nusu ya kazi yake.

Kuna pia suala la usalama, na halina ubishi. Kirusi cha Laroux kilianza kusambaa kupitia makro za Excel 1996, na Machi 1999 Melissa, kilichojificha katika makro ya Word, kilizijaza seva za barua pepe dunia nzima. Tangu 2007 Microsoft imeyatenga mafaili yenye makro kwa kuyapa kiambishi chake, na mwaka 2022 ikaanza kuzizuia makro za mafaili yaliyotoka kwenye intaneti. Ilichelewa, lakini ilifanya vyema. Hata hivyo hoja hiyo inahusu makro iliyotumwa na mgeni. Makro iliyoandikwa na ofisi yenyewe, ikahifadhiwa mahali panapojulikana na kusomwa na zaidi ya mtu mmoja, ni jambo lingine.

Wanaosema tuhamie kwenye hifadhidata wana mfano wa karibu. DHIS, mfumo wa takwimu za afya uliozaliwa Afrika Kusini baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Oslo, ulianza juu ya programu ya Access huku majedwali yake yakichambuliwa kwa Excel, kabla ya kuwa mfumo wa mtandaoni ambao Kenya iliusambaza nchi nzima 2011. Ni maendeleo makubwa. Lakini sehemu nzuri ya nguvu yake Kenya inatokana na kila kituo cha afya kuwa na nambari yake katika orodha kuu ya vituo. Majengo iko Mombasa, iko Nairobi, iko Dodoma. Jina la mahali halitoshi kamwe kuwa ufunguo. Nambari ileile ikiwekwa katika safu ya kwanza ya lahajedwali la zahanati, makro ya kurasa mbili italisasisha faili la wilaya bila kuchanganya kituo na kituo. Na hifadhidata isiyo na nambari hizo itachanganya vilevile, kwa gharama kubwa zaidi.

Ufunguo nao unahitaji kulindwa, na hapa Excel imetuumiza sisi hasa. Nambari ya simu inayoanza na sifuri, ikiingia kama tarakimu, hupoteza sifuri hiyo. Nambari ya NIDA ya Tanzania ina tarakimu 20, ilhali Excel hushika 15 tu. Ikiandikwa bila vistari katika seli ya kawaida, tano za mwisho hugeuka sifuri, na watu wawili tofauti wanaweza kuwa mtu mmoja. Anayeandika makro ya kuunganisha orodha za wanachama au wakopaji aipe safu hiyo sura ya maandishi kabla data haijaingia, kwa sababu tarakimu hizo tano zikishapotea hakuna fomula ya kuzirudisha.

Zana mpya zimegawanyika kati ya njia zile mbili za zamani. Google Sheets ina IMPORTRANGE, inayovuta data kutoka faili jingine, lakini inachopewa kwa kawaida ni anwani: kuanzia seli hii hadi ile, kama Lotus. Power Query, iliyoingizwa ndani ya Excel ya 2016, huziita safu kwa majina yake na huunganisha majedwali kwa ufunguo. Mtu wa tawi akibadilisha kichwa cha safu kutoka "Mauzo" kuwa "Mauzo ya mwezi", Power Query husimama na kusema safu ya "Mauzo" haikuonekana. Inaudhi, hasa ripoti ikisubiriwa. Lakini faili kuu linabaki na takwimu za mwezi uliopita, ambazo ni sahihi, mpaka mtu apige simu tawini na kuuliza kilichobadilika.