Chuma Kigumu na Kifua cha Dereva

Jioni ya tarehe 30 Septemba 1955, mahali njia kuu mbili zinapokutana karibu na Cholame katika jimbo la California, mwigizaji James Dean, kijana wa miaka 24, aliyekuwa akiliendesha gari lake jipya la mbio aina ya Porsche 550 Spyder kwenda kwenye mashindano ya Salinas, aligongana na Ford iliyokuwa ikikata kona mbele yake. Spyder ile, yenye bodi nyembamba ya alumini na isiyokuwa na paa, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 550, ilhali Ford ilikuwa na uzito uliopita huo zaidi ya mara mbili. Dean alifariki, fundi Rolf Wütherich, aliyeketi ubavuni pake, alirushwa nje akavunjika vibaya lakini akanusurika, na mwenye Ford akatoka na majeraha madogo. Tangu hapo yamesemwa mengi juu ya mwendo wa kijana yule, lakini swali ambalo aghalabu husahauliwa ni hili: gari lile liliundwa limfanyie nini dereva wake pindi safari ikikatizwa ghafla?

Halikuundwa limfanyie lolote. Mafundi wa Stuttgart, Coventry na Modena walikuwa mahiri wasio na kifani, na kazi za mikono yao nazipenda kwa mahaba ya dhati. Lakini mizani yao ilipima wepesi, mwendo na jamala, na kila ratili iliyopunguzwa katika bati ilihesabiwa kuwa ushindi. MG TC, iliyotengenezwa Abingdon baina ya mwaka 1945 na 1949, ilivikwa bati juu ya kiunzi cha mbao. Porsche 356 ilibeba tangi la petroli mbele, juu ya miguu ya abiria wake. Mercedes 300 SL ya mwaka 1954, ambayo kwangu ndiyo malkia wa zama zake, ilisimamishwa juu ya kiunzi cha mabomba membamba kilichopanda sana ubavuni hata mlango wa kawaida ukakosa nafasi, ikalazimu milango ifunguke kwa kuinuliwa juu. Uzuri huo uligeuka kuwa dhiki gari lilipopinduka, kwani mlango uliolaliwa na ardhi haufunguki. Na hatari iliyozipita zote ilikuwa mti wa usukani, pande la chuma lililonyooka kutoka karibu na magurudumu ya mbele hadi usoni pa kifua cha dereva, ambalo pua ya gari iliposukumwa nyuma lilisukumwa pamoja nayo, likamkuta mtu kitini pake hana pa kukimbilia.

Basi kwa nini madereva wale, wenye akili timamu na uzoefu mwingi, hawakujifunga mikanda? Itikadi iliyoenea miongoni mwao ilikuwa kwamba heri kurushwa nje kuliko kunaswa ndani ya moto, na moto waliujua. Tarehe 11 Juni mwaka ule ule wa 1955, huko Le Mans nchini Ufaransa, Mercedes 300 SLR ya Pierre Levegh iliparamia nyuma ya Austin-Healey ya Lance Macklin, ikaruka, ikapiga ukingo wa udongo, na injini yake ikang’oka ikaingia katika umati. Watazamaji zaidi ya 80 wakafa, na bodi iliyofuliwa kwa mchanganyiko wa magnesi ikawaka kwa nuru nyeupe, moto ambao maji yaliuzidisha badala ya kuuzima. Levegh alirushwa nje, na kurushwa huko hakukumwokoa.

Linalonihuzunisha ni kwamba maarifa yaliyohitajiwa yalikwisha kuzaliwa, tena ndani ya Daimler-Benz, kampuni ile ile iliyounda Mercedes. Mwaka 1951 mhandisi Béla Barényi, mzaliwa wa Austria, aliombea hataza wazo lililopinga dhana ya watu wengi kwamba gari gumu ndilo gari salama. Alifahamu kuwa nguvu ya mgongano haipotei: chuma kisichokunjika huipokea na kuifikisha nzima mwilini mwa mtu, kwa hiyo chumba cha abiria sharti kiwe thabiti, na ncha za gari, mbele na nyuma, zilegezwe makusudi ili zijikunje na kumpa mwanadamu muda, hata uwe sehemu ndogo ya sekunde, wa kusimama. Wazo hilo liliingia sokoni mwaka 1959, nalo liliingia katika sedani ya Mercedes, si katika gari la mbio. Mwaka huo huo Nils Bohlin wa Volvo, nchini Uswidi, alileta mkanda unaofungwa mahali patatu, na kampuni yake ikawaachia watengenezaji wengine wautumie. Hivyo baba aliyewapeleka watoto wake shuleni akapata hifadhi kabla ya yule aliyekwenda kwa kasi maradufu.

Mwaka 2009 taasisi moja ya Marekani inayogharimiwa na kampuni za bima iligonganisha Chevrolet mbili uso kwa uso, kila moja ikienda kilometa 64 kwa saa: Bel Air ya mwaka 1959, yenye chuma kingi na isiyo na mikanda, na Malibu mpya. Si magari ya mbio hayo, lakini hukumu ya jaribio hilo inayahusu magari ya mbio pia: chumba cha Bel Air kiliporomoka juu ya sanamu iliyowekwa mahali pa dereva, ilhali chumba cha Malibu kilibaki na umbo lake.

Katika viwanja vya mbio aliyeivunja itikadi ya kale ni Jackie Stewart, ambaye mwaka 1966, katika mvua ya Spa nchini Ubelgiji, alinaswa ndani ya BRM yake takriban dakika 25, petroli ikimlowesha, mpaka madereva wenzake Graham Hill na Bob Bondurant walipoazima spana kwa mtazamaji wakaufungua usukani. Baada ya hapo alipigania mikanda na matabibu viwanjani, akachukiwa na baadhi ya watu kwa ajili hiyo.

Hata leo sheria ya Uingereza haidai mikanda katika gari lililoanza kutumika kabla ya mwaka 1965, na wako wenye MG wanaokataa kutoboa sakafu wakihofia kuiharibu asili yake. Wengine wana hoja nzito zaidi, kwamba mkanda uliofungwa kwenye mbao hung’oka, na kwamba katika gari lisilo na paa humbakiza mtu kitini gari likimpindukia. Hoja hiyo naikubali, na dawa yake inajulikana: bamba la chuma chini ya sakafu, na upinde wa chuma nyuma ya kiti. Upinde huo huharibu sura ya gari, nakiri, ningali naupendelea.