London hadi Nairobi: Vituo Vilivyokula Muda wa Safari

Umbali kati ya viwanja viwili vya ndege hupimwa kwa duara kuu, yaani mstari mfupi kuliko yote unaoweza kupita juu ya uso wa dunia kuunganisha sehemu mbili, na kwa kipimo hicho London na Nairobi zimetengana kwa takriban kilomita 6,840. Umbali huo haujabadilika, ila safari imefupika mno, na historia ya njia hii yaonyesha kwamba kilichokula muda wa abiria zaidi ni vituo, wala si udhaifu wa injini peke yake.

Shirika la Imperial Airways lilipoanzisha huduma ya London hadi Mwanza mnamo Februari 28, 1931, ndege zake zilikwenda mwendo wa kilomita zipatazo 150 kwa saa, mwendo ambao, laiti zingeweza kuruka mfululizo, ungezifikisha Afrika Mashariki kwa muda wa siku mbili. Hata hivyo safari ilichukua zaidi ya wiki nzima, kwa kuwa mafuta yalitosha masafa mafupi tu, usiku ulikuwa wa kulala, na kati ya Alexandria na Cairo ilibidi kupanda treni. Kutoka Khartoum, ndege ya majini, yaani ile inayoruka na kutua juu ya maji, ilifuata mto Nile hadi Kisumu, ndipo ikavuka Ziwa Victoria kuelekea Mwanza. Siasa nazo zilichangia: kwa miaka kadhaa abiria walisafirishwa kwa reli kutoka Paris hadi Brindisi, kwa sababu Italia iliwabana Waingereza katika matumizi ya anga yake.

Mei 2, 1952, ndege ya Comet, ya kwanza duniani ya injini za jeti kubeba abiria wa kulipa nauli, iliondoka London ikapitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone, na kufika Johannesburg kwa muda usiotimia saa 24. Ajali zilizotokana na kuchoka kwa metali, yaani nyufa zinazoletwa na mkazo unaojirudia, ziliisimamisha mwaka 1954. Lakini toleo lake lililoimarishwa, Comet 4, lilinunuliwa na East African Airways, likaanza kazi mwaka 1960, na hiyo ilikuwa fahari ya haki kwa eneo zima.

Leo ndege huruka moja kwa moja kwa saa nane na nusu hadi tisa, ingawa Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ina hewa nyepesi inayopunguza uzito ambao ndege inaweza kuruka nao. Duara kuu nalo halifuatwi kila mara: vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 na anga ya nchi hiyo kufungwa, ndege za njia hii zililazimika kuizunguka, na safari ikarefuka tena.