Hazina au dafina?

Novemba 1992, kijijini Hoxne, Uingereza, mkulima mmoja alipoteza nyundo shambani. Rafiki yake, Eric Lawes, akaja na detekta ya metali kumsaidia kuitafuta. Koili ya kifaa hicho hutoa usumaku unaoamsha umeme mdogo ndani ya metali iliyofukiwa, na umeme huo ndio unaokiliza. Siku hiyo kililia kwa vijiko vya fedha, vito vya dhahabu na sarafu za Kirumi karibu 15,000. Lawes alichimba kidogo, akaacha, akatoa taarifa. Kwa hiyo wanaakiolojia waliikuta mali ilivyopangwa, pamoja na vifuli vidogo vya fedha na mabaki ya sanduku lililooza.

Wengi wangeiita hazina. Si kosa, ila hazina ni mali yoyote iliyotunzwa, hata iliyo chini ya Wizara ya Fedha. Kiswahili kina neno linalolenga zaidi: dafina, lenye mzizi wa Kiarabu wa kuzika. Mwenye dafina alichimba, akafukia, akatumaini kurudi.

Hata hivyo, mzizi huo unaweza kumponza mfasiri wa sheria za Uingereza.

Sheria ya kale ya Uingereza ilimpa Mfalme dhahabu na fedha zilizofichwa na mtu aliyekusudia kuzirudia. Mwaka 1939, huko Sutton Hoo, ilifukuliwa meli iliyozikwa pamoja na vitu vya thamani kwa heshima ya marehemu. Vilizikwa kweli, lakini nani azike vya maziko akitaraji kuvifukua? Baraza la uchunguzi likaamua ni mali ya mwenye shamba, Edith Pretty, naye akavitoa zawadi kwa British Museum. Sheria ya 1996 ilifuta sharti la nia. Sasa hata pete moja ya dhahabu iliyodondoka miaka 300 iliyopita huhesabiwa kuwa hazina. Kwa sheria hiyo, basi, hazina ndilo neno linalofaa. Dafina libaki kwa mali iliyofichwa pamoja.

Pwani yetu inayo mifano. Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984, wanaakiolojia walifukua sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu za utawala wa Kifatimi. Hiyo ni dafina. Sarafu za shaba zinazookotwa mojamoja mchangani Kilwa si dafina. Vijana wa Dar es Salaam wangeziita maokoto, kama waitavyo pesa yoyote, na safari hii wangekuwa sahihi kabisa.